Mashine Iliyofunika Pipa la Komoni

Kosa nitakalolianika hapa ni dharau: dharau ya mtu kwa chombo kilichomtumikia miaka mingi bila manung'uniko, kwa sababu tu amekiona kingine kinachong'aa. Wapo wanaoliita kosa hili maendeleo. Mimi huliita uvivu wa kufikiri uliovaa tai, na sijaona sababu ya kulibadilishia jina tangu nilipolishuhudia nyumbani kwa kaka yangu, Mbeya, katika miaka ile ya sabini.

Kaka ni mtoto wa kwanza wa mama yetu, nami ni wa mwisho. Sote wawili tulikuwa walimu. Yeye alifundisha sekondari mjini Mbeya, na alipenda watu wajue hivyo kabla hajaketi. Mimi nilifundisha shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Kalenga, mkoani Iringa. Alasiri, watoto wakishatawanyika, darasa lile lile liligeuka kuwa la kisomo, watu wazima wakaingia kujifunza kusoma na kuandika. Karibu wote walikuwa wanawake. Walitoka shambani moja kwa moja, wakaegemeza majembe ukutani, wakajibana kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya magoti ya watoto.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikwisha maliza vitabu vya kwanza na vya pili, na baada ya hapo hapakuwa na cha kusoma, isipokuwa kitabu kimoja kilichotufikia kikieleza kilimo bora cha pamba. Aliyekituma hakujiuliza kama nyanda zetu za baridi zimewahi kuota pamba. Wanawake wale walikisoma kwa utii, wakakisoma tena, kisha mmoja akauliza kama pamba huliwa na maharage. Ndipo nilipowaambia: semeni ya kwenu, niyaandike, tutengeneze kitabu chetu wenyewe. Wakasema. Mmoja alieleza namna ya kuatamisha kuku, mwingine safari ya kuhamia kijiji kipya, mwingine ugomvi wake na nyani. Mama alieleza kuzaliwa kwake. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Nilizaliwa mwaka wa nzige, ndiyo maana sichagui chakula."

Sasa, mama alisoma herufi za kitabuni, mwandiko wa mkono hakuuweza. Nilipomwonyesha yale niliyoyaandika kwa kalamu aliyatazama kama mtu anayetazama nyayo za ndege matopeni. "Hayo ni yako," alisema. "Yangu yawe ya chapa." Isitoshe, balozi wa nyumba kumi alikuwa amesikia habari za kitabu, akasema mbele ya watu kisimani, "Kitabu cha akina mama wa kisomo? Nitakisikiliza siku kuku wangu atakapoandika chake." Mama hakujibu kwa hasira. Aliitua ndoo yake chini, akasema, "Siku ya kumaliza kisomo nitakusomea mimi, balozi. Ukae mbele." Siku hiyo ilikuwa imekwisha pangwa, baada ya mavuno. Kuanzia hapo kitabu hakikuwa tena mchezo wa darasani. Lilikuwa neno la mama yangu, limetamkwa mbele ya majirani, na kama kisingepatikana, ni yeye ambaye angepita kisimani kila asubuhi akichekwa.

Kaka alipokuja kusalimia wakati wa Pasaka akasikia habari hizo, akanyoosha mkono. "Nipe makaratasi. Mambo ya chapa niachie mimi." Nikampa.

Lazima niseme hapa kuhusu mashine zake mbili. Ya kwanza ilikuwa taipureta ya chuma, nyeusi, nzito kama dhambi ya hadharani. Aliitumia tangu alipoanza kazi, alipokuwa bado akifundisha Iringa. Mitihani yake yote ilipita humo, na barua zake za kuomba uhamisho pia. Haikumdai kitu ila utepe, ambao duka lolote la vifaa vya shule liliuza, tone la mafuta ya cherehani, na joto. Kwetu, mwezi wa Juni na wa Julai, mafuta hayo huganda, vidole vya chuma vikainuka kwa uzito kama wazee wanaotoka kitandani. Kwa hiyo kila aliyekuwa na taipureta huku alikuwa na desturi moja: asubuhi unaishusha mashine sakafuni, unaiweka ubavuni pa jiko la mkaa, unakunywa chai yako, na ukirudi imeamka.

Ya pili aliipata Mbeya kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya maziwa, imo ndani ya sanduku lenye mpini. Ilitumia umeme. Siku aliyoipata, kaka aliitangaza ile ya chuma kuwa maiti. Katika safari iliyofuata ya kuja nyumbani aliibeba, akaiacha mlangoni kwa shangazi yetu, dada yake baba, akamwambia, "Chukua, shangazi. Hata ukiegemezea mlango si mbaya." Hivyo ndivyo alivyoiaga.

Likizo ya Juni ilipofika bila kitabu wala habari, nilipanda basi kwenda Mbeya. Mke wa kaka alinipokea mlangoni, mtandio umezungushwa shingoni kwa baridi.

"Karibu, wifi. Umekuja kumwona mke mwenzangu?"

"Yupi tena?"

"Yumo sebuleni. Amefunikwa kitambaa cha kufuma, hali ugali, na watoto hawaruhusiwi kumgusa."

Kaka hakucheka. Aliketi, akafungua sanduku, akaiweka mashine mapajani, waya wake ukatambaa hadi ukutani. "Tazama, mdogo wangu. Popote ulipo, ofisi unayo. Lile dubwana lilikuwa adhabu ya mgongo."

"Nimeona. Kitabu kimefika wapi?"

"Kipo njiani."

"Njia ipi?"

Akanionyesha ukurasa mmoja. Nikiri kwamba ulikuwa umenyooka na kupendeza. Ulikuwa ukurasa wa kuatamisha kuku, na uliishia kuku akiwa bado hajaangua. Utepe, alieleza, ulikuwa umekwisha. Utepe wa mashine hiyo haukuzungushwa kwenye magurudumu kama ule wa watu wengine. Ulikaa ndani ya kikasha chake maalumu, na kikasha hicho hakikupatikana Mbeya, hakikupatikana Iringa, na Dar es Salaam walimtazama mtu aliyemtuma kana kwamba ameomba kipande cha mwezi. Kilipatikana Nairobi. Na mpaka ulikuwa umefungwa.

"Kwa hiyo kitabu cha mama kinasubiri serikali mbili zipatane," nilisema.

"Usiwe mkali hivyo. Kipya kinyemi."

Watu wa namna hii hupenda nusu ya methali. Ile nusu nyingine huwasumbua.

Nilimkumbusha kwamba hatukuhitaji utepe. Nilikuwa nimekuja na stensili, zile karatasi zenye nta ambazo herufi huzitoboa zenyewe, kisha wino hupita humo katika mashine ya kurudufu. Mashine ya kurudufu ilikuwapo parokiani kwetu, na padri alikwisha kubali. Kilichotakiwa ni herufi zenye nguvu za kutoboa, basi. Kaka alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Akasema hilo alikuwa akilifikiria. Tukakubaliana kuanza palepale, na palepale umeme ukakatika.

Ulirudi alfajiri, hafifu, taa ikiwaka rangi ya chai ya maziwa. Nyasi za nje zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Kaka akachomeka waya, mashine ikavuma, akabonyeza herufi. Herufi ikainuka nusu, ikasita, ikarudi.

"Baridi," alisema. "Ngoja ipate joto."

Nami niliyekuwa jikoni na wifi nikimenya viazi sikuona alichokifanya. Alifanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea kila Juni ya maisha yake ya kazi. Aliishusha sakafuni, akaisogeza ubavuni pa jiko la mkaa lililotia joto sebuleni, akaja kunywa chai. Akatueleza, kikombe mkononi, jinsi watu wa nyanda za juu tunavyochelewa kwa kushikilia mambo ya kale.

Wifi ndiye aliyeinua pua kwanza. "Nani anaunguza ndoo?"

Tulipofika sebuleni, mashine ilikuwa imelegea upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta. Vibonyezo vya upande wa jiko vilikuwa vimelaliana. Ukanda wa mpira wa ndani ulitoa moshi mwembamba. Kaka alichomoa waya, akasimama, mikono imening'inia. Sikumwonea huruma, na sijui kama ningepaswa. Wajinga huharibu vitu kwa kutojua. Yeye aliharibu kwa kuiacha mashine na kubaki na mazoea yake. Alijua kudharau kitu cha zamani, lakini hakuwahi kujiuliza ni mangapi ndani yake mwenyewe yalikuwa ya zamani hiyo hiyo. Nimewaona wengi wakihama hivi: wanahama nyumba wakiwa na ufunguo wa nyumba ya kwanza, kisha wanalaumu kitasa.

Fundi wa mjini, aliyezoea cherehani na redio, aliitazama, akaifunika. "Chuma kikipinda nakinyoosha, mwalimu. Hii imeyeyuka." Taipureta ya shule ilikuwa imefungiwa ofisini, na mkuu wa shule yuko likizo Chunya na funguo zake. Hapo kaka akapata ufumbuzi unaomstahili.

"Mwambie mama asubiri mwakani."

"Kamwambie mwenyewe," alisema mkewe, akikusanya vikombe. "Tena ukamwambie mbele ya huyo balozi, ili asihangaike kuuliza."

Nikamtajia kaka ile ya chuma. Akasema imekufa, imeoza, iko kwa shangazi. Nikasema basi tukaizike. Alikuja, maana hakuwa na uso wa kubaki. Akavaa koti na tai kwa safari hiyo, na njia nzima ya basi, kupita Makambako hadi Iringa, alitazama dirishani.

Shangazi yetu alikuwa mpika komoni, pombe ya kimea. Hakuja kisomo, alisema wateja wake humwambia yote waliyosoma wakishafika kikombe cha pili. Tulimkuta nyuma ya nyumba, anachekecha kimea. Na pale ukutani lilisimama pipa lake, pombe ikichachuka ndani, na juu ya kifuniko, imefungwa kaniki kuukuu, ilikaa taipureta ya kaka yangu. Komoni inapochachuka huinua kifuniko. Shangazi alihitaji kitu kizito, na katika kijiji kizima hapakuwa na kitu kizito kama kile elimu ya kaka ilichokitupa.

"Kamwene, shangazi," kaka aliamkia.

"Kamwene, mwalimu."

"Habari za siku?"

"Za siku zipi? Za tangu ulipoacha takataka zako hapa, au za leo unapozifuata?"

Kaka akakohoa. Akaanza kueleza habari za kitabu, na mama, na umeme wa Mbeya, lakini shangazi aliinua ungo. "Nyamaza kwanza. Wewe ni wa ukoo gani?"

Alijua tunajua. Kwetu, kitu ulichokitoa kwa mkono wako hakirudi kwa mdomo. Anayekifuata huja na jembe, akalima kwanza kwa aliyekitunza, ndipo afungue kinywa. Watu wengi walikuwa wamekwisha iacha desturi hiyo, na kaka alikuwa wa kwanza kati yao.

"Shangazi, hayo ni mambo ya zamani."

"Na unachokitaka hapo juu ya pipa ni cha lini?"

Kaka akaanza kufungua vifungo vya koti. Nami, kwa mara ya kwanza tangu Mbeya, nilikuwa na furaha ndogo isiyo ya Kikristo.

Ulikuwa msimu wa vinyungu, zile bustani za mabondeni tunazozilima kiangazi penye unyevu. Shangazi alimpa jembe. Kaka alivua koti akalitundika kwenye mwanzi. Tai akaisahau, au akaona kuivua ni kukubali kushindwa. Alilima. Wanawake wangu wa kisomo walipopita kwenda darasani walisimama ukingoni, majembe begani, wakamtazama kama wanavyotazama sinema ya idara ya habari.

"Mwalimu, tuta lako linaelekea Mbeya," alisema mmoja.

"Mwache," alijibu mwingine. "Limekumbuka nyumbani."

Mama alikuwa miongoni mwao. Alimsogezea tu mwanawe kibuyu cha maji, akaenda zake kusoma.

Alipomaliza, shangazi alidai jambo moja zaidi. "Niletee jiwe la kuweka pale. Pombe haijui kama kuna kitabu." Kaka akabeba jiwe kutoka mtoni. Ndipo mashine ikashuka. Ilinuka kimea, na unga ulikuwa umeingia kati ya herufi. Kaka akaipuliza, akaitia mafuta ya cherehani, akaiweka ubavuni pa jiko la shangazi, na safari hii jiko na mashine vilijuana. Tulikunywa uji. Aliporudi akabonyeza herufi moja, bila imani; ikapiga kwa mlio ule ule niliouzoea tangu usichana wangu, kama kwato juu ya jiwe. Akabonyeza nyingine. Zote zilikuwa hai. Ilikuwa imekaa juu ya mvuke wa pombe tangu alipoitupa, haikupata shukrani wala kitambaa cha kufuma, na ilipoitwa iliitika.

Shangazi hakuruhusu itoke kwake. Kwa hiyo kitabu kilipigwa chapa pale pale uani, kaka ameketi kwenye kigoda, mashine juu ya kinu kilichogeuzwa, na darasa langu limemzunguka likimtamkia maneno yake na kumkosoa. Mwenye nyani alibadilisha mawazo akasema nyani walikuwa wengi zaidi. Herufi zilitoboa stensili vizuri kabisa. Alipofika ukurasa wa mwisho kaka akasema kwa sauti, "Hapa huwekwa jina la aliyesaidia," na vidole vyake vikaanza.

Mama, aliyekuwa mkekani, akauliza, "Unapiga jina gani, mwanangu?"

Akamtajia. Lilikuwa lake mwenyewe, pamoja na cheo.

"Paka ile dawa ya kufutia," alisema mama kwa upole. "Wewe umelima kinyungu. Kulima vile si kusaidia, ni kulipa."

Akapaka. Ikabidi angoje ikauke, wote wakimwangalia, kisha akapiga neno aliloambiwa.

Sisemi kwamba alijifunza. Aliporudi Mbeya aliwaeleza walimu wenzake kwamba mashine yake iliharibiwa na umeme hafifu, na haukupita muda akawa na nyingine, pia katika sanduku, pia yenye kikasha. Wifi aliniandikia kwamba mke mwenza wa pili ni mweupe kuliko wa kwanza.

Siku ya kumaliza kisomo balozi alikaa mbele, maana aliambiwa akae mbele. Parokia ilikuwa imerudufu vitabu vya kuwatosha wanawake wote, na vilibanwa kwa pini za kawaida. Mama alisimama na chake. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma: "Nilizaliwa mwaka wa nzige, ndiyo maana sichagui chakula." Akaendelea polepole mpaka mwisho wa habari yake, akipumzika kwenye kila nukta kama anayepumzika kwenye kila kilima.

"Hayo ni yake, anayajua kwa moyo," alisema balozi, akitafuta watu wa kucheka naye. "Fungua pengine, mama."

Mama akampa kitabu afungue mwenyewe. Balozi akafungua kwenye kuku. Mama akasoma kuku, mpaka wakaangua. Akafungua kwenye nyani. Akasoma nyani, na watu wakacheka, lakini sasa walicheka pamoja naye. Balozi akageuza hadi ukurasa wa mwisho, penye mstari mmoja tu, akaushikilia mbali kidogo na macho ya mama, kama mtu anayemnyima mtoto.

"Na hapa?"

Mama alimsogelea, akamshusha mkono. Pale kando ya mlango, mwanamke aliyekuwa ameacha pipa lake kwa mara ya kwanza kuja darasani alikuwa akijifuta mikono kwenye kaniki. Mama alisoma kwa sauti ambayo balozi hakuweza kusema hakuisikia:

"Aliyetusaidia ni Shangazi."